Panga la mita 117 la mtambo wa upepo: nyuzi za kioo, za kaboni, au zote mbili?

Mwanafunzi_Mbweni ameuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Ninasoma uhandisi wa mitambo hapa Unguja, na zoezi langu ni kubuni kwa hesabu panga moja la mtambo wa upepo wa baharini wenye uwezo wa megawati 15. Nimechukulia kwamba mtambo utasimama mashariki ya kisiwa, nje ya mwamba, ambako kusi hupiga bila ya kizuizi. Najua kwamba umeme wetu unakuja kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni kwa Unguja na kutoka Tanga kwa Pemba, na kwamba hakuna mtambo wa ukubwa huo katika maji yetu. Kwa hiyo naomba tusijadili kama utajengwa au hautajengwa, bali tubakie kwenye panga lenyewe na vitu linavyotengenezwa navyo.

Nilianza na panga la mita 61.5 la mtambo wa mfano wa megawati 5, uliochapishwa na maabara ya NREL ya Marekani mwaka 2009. Panga hilo lina kilo 17,740. Nikalikuza kwa uwiano mmoja katika vipimo vyote hadi mita 117, nikapata karibu tani 122. Kisha nikasoma ripoti ya mwaka 2020 ya mtambo wa mfano wa megawati 15, ulioandaliwa chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati, nikakuta kwamba panga lake, lenye urefu huo huo wa mita 117, lina tani 65 tu.

Masuali yangu ni matatu. Hizo tani 57 zimeondoka vipi? Pili, kwa hesabu yangu mkazo unaoletwa na upepo ni ule ule katika panga dogo na katika panga lililokuzwa, na nyuzi za kioo zinaumudu. Kwa nini basi panga la mfano limetiwa kaboni kwenye mhimili wake, yaani uti wa ndani unaobeba mzigo kwa urefu wa panga, ilhali kaboni ni ghali mno? Na tatu, ikiwa kaboni ina ubora huo, kwa nini isitumike panga zima?

Maalim_Wete amejibu:

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Hesabu yako ya mkazo wa upepo ni sahihi, lakini ni nusu ya hesabu.

Ukikuza panga kwa uwiano mmoja, nguvu ya upepo juu yake huongezeka kwa mraba wa urefu, na momenti ya kupinda (nguvu mara umbali wake) kwenye shina, pale panga linapofungwa kwenye kitovu cha rota, huongezeka kwa mchemraba. Uwezo wa shina kuihimili momenti hiyo nao huongezeka kwa mchemraba, ndiyo maana umeona mkazo haubadiliki. Uzito haufuati njia hiyo. Wenyewe hukua kwa mchemraba, na kwa kuwa kitovu cha uzito nacho husogea mbali na shina, momenti yake hukua kwa kipeo cha nne. Ukigawa, unabakiwa na mkazo unaopanda sambamba na urefu. Kitovu cha uzito cha panga la NREL kiko mita 20.475 kutoka shinani, kwa hiyo panga likiwa limelala usawa wa bahari huleta shinani momenti ya karibu meganyutoni-mita 3.56. Likikuzwa kama ulivyolikuza wewe, momenti hiyo inafika karibu 47, na mkazo unakuwa mara 1.9 ya ule wa mwanzo.

Tena mkazo huo hugeuka upande kila mzunguko. Panga likiwa linashuka, ukingo wake wa mbele unabanwa na ukingo wa nyuma unavutwa. Likiwa linapanda upande wa pili, mambo yanakuwa kinyume. Mtambo ule wa megawati 15 huzunguka mara 7.56 kwa dakika ukiwa katika kasi yake kamili, ambayo kwa miaka 25 ya kuzunguka bila ya kusita ingekuwa karibu mara milioni 99. Hakuna mtambo unaozunguka bila ya kusita, lakini hata ukichukua nusu ya idadi hiyo, huo ni uchovu mkubwa, yaani kudhoofika kwa mkazo unaojirudia, kwa kitu kilichotengenezwa kwa nyuzi na rezini. Kwa nyuzi za kioo wabunifu wengi hutumia kipeo cha karibu 10 kuhusisha mkazo na umri: ukiongeza mkazo mara 1.9, umri hugawanyika kwa zaidi ya 600. Panga lako la tani 122 lingehimili upepo, na lingekufa kwa uzito wake mwenyewe.

Tani 57, kwa hiyo, haziondoki kwa ujanja mmoja. Ncha ya panga la NREL huenda mita 80 kwa sekunde, na ya mtambo wa megawati 15 huenda mita 95 kwa sekunde. Panga linalokwenda kasi zaidi linahitaji upana mdogo zaidi kukamata upepo ule ule, na upana mdogo ni ngozi ndogo. Umbo la mkato nalo limenenepeshwa, kwa sababu mikanda miwili ya mhimili, mmoja tumboni na mmoja mgongoni mwa panga, ikiwekwa mbali zaidi baina yake hupinga kupinda kwa malighafi kidogo. Kisha kila mahali ambapo malighafi haikuwa na kazi imeondolewa, na hapo ndipo tunapofika kwenye suali lako la pili.

Unapoondoa malighafi, panga linapinda zaidi. Mitambo hii huelekeza mapanga yake mbele ya mnara, upepo unakotoka, kwa hiyo kila panga linapopinda, ncha yake inasogea kuelekea mnarani. Katika mtambo wa mfano wa megawati 15, ekseli imeinamishwa digrii 6, mapanga yamefunguliwa mbele kwa digrii 4, na panga lenyewe hutoka kwenye kalibu likiwa limepinda mita 4 kuelekea kwenye upepo, yote hayo ili ncha isiguse mnara siku ya dhoruba. Kwa panga la urefu huo, kinachokuwa cha kwanza kukufungia njia mara nyingi ni ukakamavu, wala si nguvu. Wanaotazama mitambo 365 ya Ziwa Turkana kule Kenya hawalioni tatizo hili, kwa sababu duara la mapanga ya mitambo ile lina kipenyo cha mita 52 tu.

Kaboni hununuliwa kwa ajili ya ukakamavu huo. Tabaka la nyuzi za kioo zilizonyooka upande mmoja ndani ya rezini ya epoksi lina moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya karibu gigapaskali 40, na densiti ya karibu gramu 1.9 kwa sentimita ya ujazo. La kaboni lina karibu 120 au zaidi, na densiti ya karibu 1.55. Ukiwa na mkanda wa kioo wenye unene wa milimita 60, unaweza kuweka mahali pake mkanda wa kaboni wa milimita 20 wenye upana ule ule, ukapata ukakamavu ule ule kwa karibu robo ya uzito. Kila kilo inayopungua karibu na ncha inapunguza pia mzigo wa shina, wa kitovu cha rota, wa beringi na wa mnara. Bei ya kaboni hupimwa kwa mtambo mzima.

Suali la tatu ni jepesi zaidi. Ngozi ya panga haina kazi ya mhimili. Kazi yake ni kutunza umbo, kupinga kusokotwa, na kutojikunja inapobanwa. Hapo nyuzi hulazwa kwa mshazari wa digrii 45 pande zote mbili, na baina ya tabaka mbili nyembamba huwekwa kiini chepesi cha povu au cha mti wa balsa. Ngozi pana hushindwa kwa kujikunja kabla haijashindwa kwa kukatika, na kinachozuia kujikunja ni unene wa kiini kuliko aina ya nyuzi. Ukitia kaboni pale, umelipa bei ya dhahabu kwa kazi ya shaba. Shina nalo ni bomba nene lililojaa boliti, na kioo kinatosha.

Fundi_Mkokotoni amejibu:

Maalim ameeleza vizuri, nami ningependa kuongeza upande wa kalibu, kwa sababu naona vijana wengi wanabuni panga kana kwamba namba za kitabu hujitengeneza zenyewe karakanani.

Mimi ni fundi wa boti za faiba. Boti zetu nyingi hapa tunazitengeneza kwa mkono: tunalaza matabaka ya faiba iliyokatwa vipande vipande, tunapaka rezini ya poliesta kwa brashi na rola, tunatoa mapovu ya hewa kadiri tuwezavyo. Kwa njia hiyo nyuzi huwa karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wa kitu kizima, na zilizobaki ni rezini. Kwa boti ya uvuvi inatosha. Kwa panga haitoshi hata kidogo, kwa sababu gigapaskali 40 alizozitaja Maalim zinapatikana tu pale nyuzi zinapozidi nusu ya ujazo, zimenyooka, na zote zinakwenda njia moja.

Ndiyo maana wenye viwanda vya mapanga hutumia ombwe. Vitambaa vya nyuzi hulazwa vikavu ndani ya kalibu, juu yake hufunikwa kwa plastiki iliyozibwa pembezoni, hewa hunyonywa, kisha rezini huvutwa ndani na lile ombwe mpaka iloweshe kila uzi. Nimeifanya kazi hiyo kwa boti za mashindano, na naweza kusema kwamba ugumu wake haupo kwenye pampu. Upo kwenye kulaza kitambaa. Tabaka likikunjika kidogo tu, mtu hawezi kuona kwa macho baada ya rezini kuganda, lakini pale pana wimbi. Uzi uliopinda kwa digrii chache tu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhimili kubanwa, na kaboni ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu tangu mwanzo haina ziada kubwa upande wa kubanwa. Ndiyo sababu Vestas na wengine waliofuata wakahamia kwenye bamba za kaboni zilizokwisha kuvutwa na kugandishwa kiwandani zikiwa zimenyooka, ambazo mfanyakazi anazipanga tu kwenye kalibu kama mbao. Ukimwachia fundi kazi ya kunyoosha uzi kwa mkono, atakunyooshea asubuhi, na saa tisa ya mchana, joto likimkaba, usimdai.

Jambo la pili ni gundi. Panga nyingi hutengenezwa kwa nusu mbili, tumbo na mgongo, pamoja na kuta za ndani zinazosimama baina ya mikanda ya mhimili. Vyote hivyo hugandishwa pamoja kwa gundi kwenye mstari unaokwenda makumi ya mita, na ukishafunga kalibu huoni tena ndani. Tarehe 13 Julai 2024, panga moja la mita 107 lilivunjika katika mradi wa Vineyard Wind, karibu na kisiwa cha Nantucket huko Marekani, na vipande vyake vikaelea mpaka ufukweni. Kampuni iliyolitengeneza, GE Vernova, ilieleza kwamba gundi haikushika ipasavyo, na kwamba ukaguzi wa kiwandani ulipaswa kuliona hilo. Nyuzi hazikuwa na kosa. Siemens Gamesa wao wana utaratibu wa kumwaga panga zima kwa mkupuo mmoja, bila ya mstari wa gundi, lakini utaratibu huo una taabu zake, kwa kuwa kalibu ya ndani lazima itolewe baadaye kupitia shinani.

Na kwa hali yetu ya hewa: unyevu wa masika unaingia kwenye balsa na kwenye vitambaa kabla hujafunga plastiki. Joto nalo linafupisha muda wa rezini kubakia majimaji, na kwenye shina nene joto la kuganda lenyewe linaweza kuunguza kitu. Ukiandika kwenye zoezi lako kwamba panga litatengenezwa Zanzibar, andika pia ghala lenye kiyoyozi.

Binti_Micheweni ameandika:

Shukrani kwa Maalim na kwa fundi. Naomba nami nitie suali, na naahidi kutotoka nje ya mada. Kisiwa chetu kina usumba wa nazi usiokuwa na mwenyewe, na Tanga ng'ambo kuna katani. Kwa nini tuzungumzie kioo na kaboni peke yake? Na je, panga la tani 65 likizeeka kwenye kisiwa kidogo kama hiki, linakwenda wapi?

Maalim_Wete amejibu:

Binti yangu, suali lako la kwanza lina jibu la hesabu. Usumba una moduli ya gigapaskali chache tu, na unarefuka sana kabla haujakatika. Ndiyo sifa inayoufanya uwe kamba nzuri ya kufungia chombo, na ndiyo inayouondoa kwenye mhimili. Katani ni bora zaidi, lakini bado iko mbali na kioo, ambacho uzi wake mtupu una gigapaskali zipatazo 72. Zote mbili hunywa maji, na rezini haizishiki vizuri bila ya kuzitayarisha kwa dawa. Ningezikubali kwenye panga la mita mbili la mtambo wa kuchajia betri ya dago la wavuvi. Katika panga la huyu kijana ningezikataa, hata kwenye ngozi.

Suali la pili ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Epoksi ikishaganda hairudi kuwa majimaji kwa kupashwa moto; ndiyo sababu mapanga mengi ya zamani yamezikwa ardhini au kusagwa na kuchomwa kwenye viwanda vya saruji, ambako kioo chake huingia kwenye saruji yenyewe. Njia mpya ni mbili. Siemens Gamesa walitangaza mwaka 2021 panga lenye rezini inayoachia nyuzi zake ikitiwa kwenye asidi dhaifu iliyopashwa moto. Mradi wa ZEBRA wa Ufaransa ulitoa mwaka 2022 panga la mita 62 lenye rezini ya Elium ya kampuni ya Arkema, ambayo ni ya jamii ya plastiki zinazoyeyuka tena. Kwa kisiwa kisicho na ardhi ya kuzikia vitu vya urefu huo, ningeandika chaguo hilo katika ukurasa wa kwanza wa ubunifu, kwa sababu rezini huchaguliwa kabla ya kalibu na haibadilishwi baadaye.

Mhandisi_Kibweni ameandika:

Naona wote mmepita pembeni ya mambo matatu ambayo baharini hayasameheki.

La kwanza ni radi. Kioo hakipitishi umeme, kaboni inapitisha. Katika panga la kioo, waya mmoja kutoka kwenye vipokeo vya nchani hadi shinani unaweza kuipeleka radi chini. Ukiweka mikanda ya kaboni sambamba na waya huo, umeweka njia ya pili ya umeme, na radi inaweza kuruka kutoka kwenye waya hadi kwenye kaboni kupitia rezini, ikaichoma kwa ndani. Lazima kaboni na waya viunganishwe sehemu kadhaa ili viwe na volteji moja, na kila kiungo hicho kina uzito, gharama na udhaifu wake. Kiwango cha IEC 61400-24, cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kinahusu hilo.

La pili ni mvua. Kwa mita 95 kwa sekunde, yaani kilomita 342 kwa saa, tone la masika linakula ukingo wa mbele wa panga mpaka likafika kwenye nyuzi. Hakuna nyuzi zinazoliweza hilo, za kioo wala za kaboni. Linahitaji rangi au utepe wa poliuretheni unaonyumbuka, na mpango wa kuubadilisha, baharini, kwa kamba.

La tatu ni dhoruba. Tunapenda kusema kwamba Zanzibar iko karibu mno na ikweta hata isifikiwe na kimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha mashamba ya mikarafuu, na ndiyo sababu mojawapo ya karafuu kuhamia Pemba. Mwezi wa Mei 2024 tulikuwa na kimbunga Hidaya jirani yetu. Toleo la 2019 la kiwango cha IEC 61400-1 lina daraja la vimbunga lenye upepo wa rejea (kasi ya dhoruba ambayo mtambo hubuniwa kuihimili) wa mita 57 kwa sekunde, wakati daraja la juu la kawaida ni mita 50. Mzigo unakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tofauti hiyo ni karibu asilimia 30. Upepo wetu wa kila siku ni wa wastani na unavutia kwenye panga refu jembamba, ilhali dhoruba ya mara moja katika vizazi kadhaa inavuta upande mwingine, na mbunifu lazima aseme waziwazi ni upande upi aliousikiliza.

Mwanafunzi_Mbweni amejibu:

Nawashukuru nyote. Kwa niliyoyasoma, nakusudia kubadilisha ubunifu kama hivi: mikanda ya mhimili iwe ya bamba za kaboni zilizonyooshwa kiwandani, ngozi na kuta za ndani ziwe za kioo chenye kiini cha povu la PET (plastiki ya chupa za maji) badala ya balsa, kwa sababu ya unyevu alioutaja fundi, na shina liwe la kioo. Ukingo wa nyuma, ambao unabeba mkazo wa uzito unaogeuka kila mzunguko, nimeutia mkanda wa ziada wa kioo. Rezini nitajaribu ile inayoyeyuka tena. Daraja la upepo nitalichukua lile la vimbunga. Je, kuna jambo nililoliacha?

Maalim_Wete amejibu:

Umeliacha moja. Kaboni na kioo vikifungwa kwenye mkato mmoja hurefuka pamoja, kwa hiyo kaboni, iliyo kakamavu mara tatu, hubeba mkazo mara tatu. Kwa kupinda kuelekea mnarani hilo ndilo ulitakalo. Kwa kupinda kwa ubavu, yaani kuelekea ukingo wa mbele au wa nyuma, hata hivyo, mikanda yako ya kaboni iko karibu na katikati ya upana na haisaidii sana. Ukingo wa nyuma, ulio mbali zaidi, ndio unaorefuka na kubanwa kuliko sehemu zote, na ukibanwa huwa wa kwanza kujikunja. Angalia upya unene wa kiini katika mita kumi na tano baada ya upana mkubwa kabisa wa panga, kwa mzigo wa uzito peke yake kwanza, kisha kwa uzito na upepo pamoja. Ukiona mkanda wa kioo hautoshi, usikimbilie kutia kaboni pale kabla ya kumsikiliza Mhandisi wa Kibweni, kwani utakuwa umeipa radi njia ya tatu. Nenepesha kiini kwanza. Povu ni jepesi na ni rahisi. PET ina ukakamavu mdogo kuliko balsa, kwa hiyo usinakili unene wa kiini kutoka kwenye ripoti bila ya kujua kiini chao kilikuwa cha nini.

Fundi_Mkokotoni amejibu:

Na uulize muuzaji wa povu kama limekatwa mistari ya kulifanya lipinde kufuata kalibu. Mistari hiyo hunywa rezini, na rezini hiyo haimo kwenye hesabu yako ya uzito.